Mazuku Kwenye Mkeka

Kifaa cha Bénita cha kupima hewa kililia mara tu alipokiweka kwenye mkeka, karibu na kichwa cha mtoto aliyelala. Mazuku, ile hewa ya volkano inayoua watu usingizini, ilikuwa ndani ya hema la wakimbizi.

"Mwambie mama bei ya kifaa," alisema mwalimu wake wa ujasiriamali, aliyesimama nyuma yake.

Mwenye hema hakuuliza bei. "Ikilia, nitaenda wapi na huyu mutoto? Kule nyuma ni vita."

Vita hivyo hivyo vilifunga chuo cha Bénita kule Rutshuru, na hapa Goma walimu wa chuo kipya walimrudisha mwaka wa kwanza wa uhandisi kana kwamba hajui kushika bisibisi. Kifaa hiki ndicho kingewafunga midomo.

Kwa hasira alikiinua hadi kiunoni ili akizime. Kikanyamaza chenyewe. Akakishusha, kikalia.

Alijua tangu mwanzo kwamba hewa hiyo ni nzito, hukaa chini. Miezi yote ameunganisha nyaya, wala hakuwahi kuwaza kitanda cha kumlaza mtu juu ya hewa hiyo.

Alimnyanyua mtoto, akampakata.

"Bei, Bénita," mwalimu alirudia.

"Mama," Bénita aliuliza, "mbao wanauzishaka wapi hapa?"