Kikishavuka Ziwa

Usigeuze uso. Ulikuwapo sokoni Nchelenge siku ile Kafula alipopita na kitu kizito ndani ya gunia la samaki, ukajifanya unapepeta dagaa zako za chisense. Unajua desturi yetu: kitu kikishavuka Ziwa Mweru, hakiulizwi kilizaliwa wapi. Maji yamekwisha kukiosha. Kwa hiyo hukuuliza. Kafula naye hakuuliza, maana woga ulikuwa umemjaa.

Kafula alikuwa fundi wa magari, na mkewe Rosaria alikuwa na mimba ya miezi tisa. Miaka miwili nyuma, mwaka 1977, kigari chao cha milango miwili kilikata pumzi kwenye kona ya tatu ya mlima wa Kalembwe, hospitali ikionekana kule juu kabisa. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma. Aliishi muda wa chai kuchemka. Walimwita Chola, na mpaka leo watu huwaita Bashi Chola na Bana Chola, baba na mama wa mtoto asiyekuwapo.

Sasa huyu wa pili alikuwa amekaa vibaya tumboni. Masista wa hospitali walisema hatazaliwa bila kisu, na uchungu ukianza wasichelewe hata kidogo.

Ndani ya gunia mlikuwa na chupa ya chuma ya buluu, ndefu kama mguu wa mtu. Roger, mfanyabiashara wa Kongo, aliivusha kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, na kuibadilisha kwa injini ya mtumbwi wa Kafula.

"Iko gaz ya bazungu ba rally," alisema Roger. "Ilitoka mu mine, mugodi ya kule Shaba. Kagari kako katapanda mulima sawa mbuzi yenye kufukuzwa na imbwa."

"Na ikipasuka?"

"Ikipasuka hautajua, shemeji. Utamuuliza Mungu mwenyewe."

Kafula hakucheka. Aliijua gesi ile. Zamani Kitwe alimtumikia mzungu mmoja wa mashindano ya magari, na mzungu yule alifundisha kwa makofi: kosa moja, kofi moja. Makofi hayasahauliki, na mafundisho yake pia.

Alinawa mikono kwa sabuni mara tatu, kwa kuwa tone moja la grisi likigusa mdomo wa chupa, huo ni moto. Rangi ya chupa ilimnata vidoleni. Ilikuwa rangi nzito ya mitumbwi, haijakauka vizuri. Akaifuta. Akaisimamisha chupa nyuma ya kiti na kuifunga kwa mikanda miwili ya chuma. Akatengeneza njia ya pili ya petroli, maana gesi ile ikiingia peke yake inayeyusha pistoni. Mwisho akaweka bomba lenye springi karibu na mkono wake: ukilishika linafunguka, ukiachia linajifunga lenyewe. Sekunde kumi, kisha injini ipumzike. Aliyarudia maneno hayo kama mtu anayesali.

Rosaria aliingia kukijaribu kiti. Kafula alipaka povu la sabuni kwenye maungio, na povu moja likavimba. Lilikuwa linavuja. Kabla hajashika spana alisikia sauti aliyokuwa ameisahau. Rosaria alikuwa anacheka.

Kafula alifungua mlango. Akamvuta nje.

"Bashi Chola, ngoja kwanza," alisema Rosaria akifuta machozi. "Mugongo umeacha kuuma. Umeweka nini mule?"

"Mbio. Nimeweka mbio."

Alikaza maungio, akapaka povu tena, halikuvimba. Hata hivyo akaapa kwamba siku ya safari vioo vyote vitashushwa.

Uchungu ulianza Alhamisi, jua likiwa utosini. Kafula aliendesha, vioo vyote vikiwa chini. Chini ya mlima alikanyaga mafuta mpaka sakafuni, akashika bomba. Kigari kiliruka mbele. Moja, mbili, tatu... kumi. Achia. Rosaria alikuwa anauma kitenge. Shika tena. Chupa ilipigwa na baridi mpaka ikaota ganda jeupe la barafu. Kona ya kwanza. Ya pili. Kwenye kona ya tatu Rosaria alifumba macho, na Kafula alishika bomba huku akilia, lakini hata pale alihesabu mpaka kumi, akaachia. Karibu na kilele chupa ilipiga mluzi mwembamba, ikanyamaza. Ilikuwa tupu. Haidhuru. Geti la hospitali lilikuwa mbele yao, injini ilinguruma bila kasoro, na tumboni mtoto alipiga teke.

"Mulifika mbio, papa!" Sista Germaine, mwuguzi wa Kongo, alikwisha kumpakia Rosaria kwenye kitanda cha magurudumu. "Mutoto angali muzima. Docteur ananawa mikono."

Kafula alikaa chini palepale, kwenye vumbi. "Basi tumepona."

Sista hakumtazama. "Tutamukata, lakini atasikia yote. Dawa ya sindano ilikwisha. Tulibakia na chupa moja tu ya gaz ya kulalisha batu, ile inachekeshaka kwanza, na batu baliiba, juma mbili sasa."

"Chupa gani?"

"Ya bleu. Iko na namba kumi na ine ku shingo."

Kafula alirudi kwenye gari. Barafu ilikuwa inayeyuka, na rangi ya mtumbwi ilikuwa inabanduka nayo, vipande kwa vipande. Kwenye shingo ilitokea tepu ya hospitali, na chini yake tarakimu mbili: 1, halafu 4.

Rosaria yuko mezani sasa hivi, macho wazi. Inuka, wewe uliyekuwa ufukweni pia siku chupa ile ilipovuka kwenda Kilwa, kabla haijarudi na rangi mpya. Sema ni nani aliyeipakia mtumbwini.