Ruhusa ya Kuingia Msituni

Jirani yetu Vuai anadai kamwona baba kule Stanmore, huku ughaibuni tulikohamia, langoni pa msitu, kavua kofia anamwomba Mzungu mwenye mbwa. "Kichwa wazi kwenye mvua, wallahi! Baba yako kaanza lini kuomba?" Akacheka mpaka chai ikammwagikia.

Jumapili nikamfuata baba kwa mbali.

Kweli, alisimama langoni. Watu walimpita na watoto wao, wakaingia nyasini wakikimbizana. Yeye kofia mkononi, mvua ikimtiririka kwenye upara mpaka shingoni. Nikamsogelea kwa haya.

"Baba, vaa kofia. Watu wanatuangalia. Ingia tu, msitu huu ni wa watu wote."

"Hata shamba letu la mikarafuu, siku watu wa serikali walipolichukua, walisema sasa ni la watu wote," akajibu. "Nikaingia kuokota karafuu chini ya mikarafuu niliyoipanda mwenyewe. Wakanichapa bakora mbele ya mama yako. Tangu siku ile siingii pahala bila ya ruhusa."



Mzungu mmoja akatokea mitini na mbwa wake, akaja upande wetu. Baba akanishika mkono.

"Huyu ndiye mwenye msitu. Mimi hanifahamu, lakini wewe Kizungu unakijua. Mwambie nataka kutembea tu, sitochuma hata jani. Niombee, mwanangu."

Mzungu akasimama mbele yetu, akatabasamu, akawa ananingoja niseme.