Gunia la Kumi na Saba

Mwalimu wa sayansi aliweka gunia la kumi na sita la mchanga juu ya daraja, kisha akamgeukia mjane.

"Mama, ukisema tuache, tunaacha."

Wanafunzi walikuwa wamelijenga daraja hilo muhula mzima, kwa mianzi na kamba, juu ya mtaro wa shule. Desturi ya darasa lao ilikuwa moja: kinachojengwa hupakiwa mzigo mpaka kivunjike, ili wajue kimeshindwa wapi.

Mjane alipapasa mafundo ya kamba. Yote yalizungushiwa kulia, isipokuwa matatu ya katikati. Hayo yaligeukia kushoto. Binti yake alitumia mkono wa kushoto. Homa ilimchukua wiki tatu zilizopita, na nguo zake zilikwisha kugawiwa. Kazi ya mikono yake ilibaki hapa tu.

"Yeye alisemaje?" aliuliza.

"Injinia wetu?" alidakia msichana mmoja wa darasa lake, akicheka na machozi yakimtoka. "Alibishana na darasa zima! Sisi tulisema litabeba kumi na mawili tu. Yeye akaandika kumi na sita, la kumi na saba ndilo litakalolivunja. Mbishi yule, mama!"

"Ubishi karithi kwangu."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Hakuna aliyelisogelea gunia lililobaki.

Mjane alilitaja jina la Mungu, akakaza mtandio kiunoni, akainama.

"Sogeeni, wanangu," alisema. "Hesabu yake haitaachwa bila kusahihishwa."

Akalinyanyua.