Tawi la Mwisho

Remei alikataa kiti. Alisimama mbele ya meza, mkoba ameubana kifuani, kofia ya kiwanda cha mapeasi bado iko kichwani.

"Nataka kujua kwa nini mashine imeamua mume wangu abaki ndani."

Oriol, ofisa wa wafungwa, alimwonea huruma. Wake wa wafungwa walipanda ngazi zile kila wiki, wengine wakianza kulia kabla hawajafika mlangoni. Zamani hakuwa na la kuwajibu. Kompyuta ilitema namba, basi, na hakuna mtu katika mji mzima wa Lleida aliyejua imeitoa wapi. Sasa angalau kulikuwa na mti wa maswali.

Akamgeuzia skrini. "Ni maswali tu, mama. Kila swali lina matawi mawili, la ndiyo na la hapana. Tushuke pamoja."

Je, Quim, mumewe, amewahi kujaribu kutoroka? Hapana. Amepigana na mtu gerezani mwaka huu? Hapana. Amemaliza mafunzo ya kutawala hasira? Ndiyo.

"Amekuwa mpole hivyo?" Remei aliuliza.

"Walimu wake wanamsifu sana. Kakwama hapa tu." Oriol aliweka kidole kwenye tawi la mwisho. "Je, kuna mtu nyumbani wa kumpokea? Ametupa anwani yako, hana nyingine. Mkaguzi wetu amefika kwako mara mbili, kabisha hodi, hakufunguliwa. Kwa hiyo mashine imesoma hapana."

"Na ikisoma ndiyo?"

"Ijumaa mnakula naye chakula cha mchana."

Hapo Remei akakaa. Oriol akamsogezea glasi ya maji.

"Usijitese, mama. Alhamisi namtuma mkaguzi tena, wewe fungua mlango tu. Au niambie sasa hivi, niandike mwenyewe."

"Uandike nini?"

"Kwamba utampokea. Au hutampokea. Hakuna anayekulazimisha."

"Naye ataambiwa nimejibu nini?"

"Lazima. Mti huu ni wake pia. Anaonyeshwa kila swali, jibu lake, na jina la aliyelijibu." Oriol alilisema hilo kwa fahari, alikuwa mmoja wa waliopigania utaratibu huo. "Siku hizi hatumfichi mtu kitu."

Remei alilitazama tena lile tawi.

"Basi usiandike kitu," Remei alisema. "Wala usiweke jina langu. Mkaguzi aje, aone mwenyewe."

Oriol akatabasamu. "Unataka jambo hili limkute Quim bila kutarajia."

"Ndiyo. Bila kutarajia."

"Sawa. Ila Alhamisi usitoke, tafadhali. Mkaguzi akikosa mtu mara ya tatu, mti unafungwa, na Quim anamaliza kifungo chote. Ana miaka sita mbele yake."

"Sita," Remei alirudia. Alimshukuru, akampa mkono, akashuka ngazi.

Binti yake, Mireia, alikuwa akimsubiri garini, injini inanguruma.

"Wamesemaje, mama?"

Remei alifunga mkanda, akaegemeza kichwa kwenye kiti.

"Wanatafuta mtu wa kumfungulia mlango," alisema. "Nipeleke kwa mwenye nyumba. Tunarudisha funguo leo hii, Alhamisi wakute nyumba tupu."