Kipaza Sauti cha Mlangoni

Nyumba ikikaa miaka mitano bila mtoto, Serikali huisoma damu, na kipaza sauti cha mlangoni huutangazia mtaa kasoro imetoka kwa nani. Ukoo uliotajwa hauoi wala hauolewi tena.

Miaka yote hiyo Bi Mwanashehe alimwita mkwewe Hadhara gogo, akamkataza hata kubeba mtoto kwenye arubaini za majirani, eti atamtia mkosi. Asubuhi ya tangazo lao alikuwa amemng'ang'ania kanga.

"Mwanangu, sema ni wewe. Ukikiri mapema hakisemi kitu. Utapewa talaka tu, basi."

"Jana gogo, leo mwanangu?"

"Kaka zangu wote walikufa bila watoto. Nisitiri!"

"Kumbe ulijua! Ukanitukana huku unajua! Acha kiseme."

Kikasema, kwa sauti tamu kabisa. Mbegu za mume haziogelei, na kasoro ameirithi kwa mama yake. Majirani, wanafiki wale wale waliomsengenya Hadhara, wakapiga vigelegele vya kejeli. Hadhara akacheka mpaka akashika ukuta.

"Binti wa mama huyo, Rukia," kikaendelea, "ndoa yake ya kesho imefutwa."

Rukia, wifi yake Hadhara, akatoka chumbani, mikono kaiinua piko la harusi lisichafuke.

"Wifi, ungekiri kingenyamaza?"

Hadhara akafungua kinywa amweleze matusi aliyoyameza humo ndani. Lakini Rukia aliyajua yote. Ndiye pekee aliyekuwa akimfuta machozi.