Puli ya Nabalayo

Gari lilirudi kutoka kilimani likinguruma, na mwenyewe akaruka nje akiinua saa yake.

"Imepunguza sekunde sita kupanda hicho kilima, bana! Hiyo supachaja sasa inasukuma hewa kweli kwa injini!"

"Ni puli mpya, hiyo gurudumu ya mkanda," mume wa Nabalayo akajibu, kifua mbele. "Ni ndogo, ndiyo supachaja izunguke haraka. Nimeichonga na hizi mikono."

Mikono ipi? Hiyo laini kama ya mtoto mchanga? Nabalayo alisimama na birika la chai katika gereji aliyoachiwa na babake hapa Kawangware, chembe za chuma zikimchoma vidoleni tangu jana.

"Na huyu mama?" mwenye gari akauliza.

"Huyu? Huyu ni wa chai."

Birika likatua kwa kishindo. Nabalayo akanyakua spana, akainua boneti, akaifungua puli ikiwa bado ya moto, akaifunga ndani ya leso yake.

"Baba Trizah," akamwambia mumewe, "mashine ya kuchonga ndiyo hiyo. Chonga ingine, tukuone."

Mumewe akaizunguka mashine mara mbili, akitafuta swichi.