Kivuli cha Kushoto

Fundi Mashoto alisimama katikati ya njia ya waenda kwa miguu, shingo juu, akilikodolea macho bango la kinyozi. Watu walimpita wakinung'unika kwa lugha asiyoijua. Mpwa wake akamvuta mkono.

"Mjomba, utagongwa."

"Ngoja. Huu ni mkono wa mwanangu."

Maneno ya bango hakujua hata moja. Herufi za nchi ile zilijikunjakunja ovyo. Tarakimu tu ndizo zilizokuwa zile zile za nyumbani. Lakini kivuli hakihitaji kusomewa. Wachora mabango wote aliowajua walitia kivuli cha herufi upande wa kulia. Yeye peke yake alikitia kushoto, maana ndivyo mkono wake ulivyotaka, na hivyo ndivyo alivyomfundisha mwanawe.

Waligombana kwa jambo la kipuuzi, rangi. Kijana alitaka zambarau kwenye bango la duka la dawa, baba hakutaka, na neno likatoka: "Ukivuka mlango huu, jihesabu huna baba." Kijana akavuka. Hasira hasara; tangu siku hiyo simu hakupiga, salamu hakutuma. Msafiri mmoja ndiye aliyesema kamwona katika jiji hili, juu ya ngazi, ana brashi. Na sasa mama yake yu kitandani, hanyanyuki, na kila mlango ukilia anauliza kama mwanawe amekuja. Mashoto alimwahidi kurudi naye. Ndege ilikuwa ya kesho.

Mpwa wake, aliyekuwa akifua nguo za hoteli jijini humo kwa miaka, alisema hajawahi kumtia machoni. Mji ni mkubwa, mjomba.

Kinyozi akatoka nje, mashine mkononi. Alipomwona Mashoto alirudi nyuma, akashika mwimo wa mlango. Kisha akamwambia mpwa maneno mengi kwa sauti ya chini.

"Anasemaje?"

Mpwa alitazama barabarani. "Anasema umefanana na fundi aliyemchorea."

"Damu hiyo," Mashoto akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu atue. "Muulize anakaa wapi."

"Eti hajui."

Basi wakaendelea, mzee akiusoma mji kwa vivuli. Jino kubwa la daktari wa meno: kulia, si yeye. Kiatu cha fundi viatu: kulia. Mshale wa maegesho ulitoka kwenye mashine, hauna kivuli, hauna baba wala mama. Duka la mikate: kushoto. Akasogea karibu. Chini ya jina la duka palikuwa na mwaka.

"Ndio mwaka walioanza biashara," mpwa akaeleza. "Huku wanapenda kuandika."

Penye njia panda mpwa akakata kulia. "Kule ni magereji tu, mjomba. Na umechoka. Turudi ukafunge mizigo."

"Nikamwambie nini mama yake? Kwamba nilifunga mizigo?"

Akashika ya kushoto. Mpwa alibaki amesimama, kisha akamfuata polepole.

Mwisho wa mtaa palikuwa na karakana, makopo ya rangi yamepangwa mlangoni. Ndani mtu alikuwa akipiga mluzi, na mluzi huo Mashoto aliujua. Juu ya mlango lilikaa bango kubwa kuliko yote aliyoyaona, la zambarau, na katikati yake uso wake mwenyewe. Kofia imeinama vile vile, jino la mbele limemeguka vile vile, brashi nyuma ya sikio.

"Hajanisahau," akasema, na machozi hakuyazuia. "Unaona? Kaniweka juu ya mlango wake."

"Mjomba, twende. Nakuomba."

"Pameandikwa nini?"

Mpwa aliinamia viatu vyake.

Mashoto akainua macho tena. Chini ya kidevu chake kulikuwa na mstari wa herufi asizozijua, na mwisho wa mstari tarakimu, kivuli kushoto, safi kabisa, kazi ya mtu aliyefundishwa akafundishika. Mwaka alioanza biashara, akawaza. Lakini miaka ilikuwa miwili, na kistari katikati. Wa kwanza ndio aliozaliwa yeye mwenyewe, Mashoto. Wa pili ndio ule kijana alipovuka mlango.